Chemchemi Waliyomwoshea Nabwire

Huyu Brigid Nabwire amepanga kwangu hapa Kesses, huu ni mwaka wa pili. Naandika habari yake mimi mwenyewe kabla wale wanawake wa chemchemi hawajaieneza vibaya.

Alizaliwa Busia, kwa fundi wa baiskeli. Kwanza alifundisha sekondari, akachoka kuona watoto wakikosa shule kwa sababu ya kuhara, ndipo akarudi chuo kusoma maji. Nilimuuliza, "Maji inasomwa aje? Si inanywewa tu?"

Akacheka. "Gogo," yaani nyanya, ndivyo ananiita, "inasomwa ndio inyweke."

Chuo ndiyo inamlipia. Iko na ufadhili wa wanafunzi wa digrii ya pili wanaochunguza maji. Lakini kila mwaka lazima aonyeshe kazi, la sivyo nafasi yake inapewa mwingine.

Kazi yenyewe ni chemchemi yetu ya bondeni. Anajaza chupa, anazileta mbio, anazilaza kwa friji yangu mpaka gari ya chuo ipite. Nimemwambia zisikaribie maziwa yangu.

Shida ya huyu msichana ni adabu. Hawezi kuingia kwa maji ya watu bila hodi. Kwa hivyo Jumapili anasimama kanisani: "Akina mama, Jumatano nitashuka chemchemi." Wanampigia makofi. Na kila mara maji yake inatoka safi, safi kuliko ya mfereji wa mjini! Na watoto wa hapa bado wanaharisha. Mwalimu wake, Daktari Oyugi, akamuuliza kama anajazia chupa dukani. Alirudi macho mekundu, akakataa chakula.

"Wananiona mwongo, Gogo. Mvua hii ikiisha bila majibu ya kueleweka, nafasi imeenda."

Jumatano iliyofuata alishuka mapema kuliko kawaida, nami nyuma na fimbo yangu. Tukamkuta Purity, mwenyekiti wa akina mama, amevaa viatu vya gambuti, wenzake wanasugua mawe. Ndoo ya klorini iko kando, nusu imeshamwagwa ndani.

"Ai, umekuja mapema!" Purity akasema. "Hatujamaliza."

"Hamjamaliza nini, Mama?"

"Si kukuoshea! Mgeni akisema anakuja, utamwonyesha uchafu? Ndio chuo iseme wanawake wa huku hawaogi?"

Nabwire akakaa chini kwa umande. "Mama, mimi natafuta huo uchafu."

"Basi katafute kwenu Busia!" Wakacheka mpaka mmoja akaangusha brashi.

Nikawaambia, "Mnamwoshea mgeni, na watoto wenu je? Wao ni nani?"

"Gogo Jepkemboi, wewe hata hukutoa mchango ya dawa."

"Sikutoa na sitatoa."

Njiani nikamwambia Nabwire asitangaze tena, aende tu.

"Niingie kama mwizi?"

"Utaingia na mimi. Marehemu mzee wangu ndiye alipanga hayo mawe. Mimi sibishi hodi kwa maji yangu."

Alibishana na mimi wiki nzima. Halafu siku moja mvua imenyesha tangu alfajiri, nikachukua kisanduku chake cha barafu nikatangulia mbele, ikabidi anifuate. Ng'ombe za Mzee Kipkirui zilikuwa zimesimama ndani kabisa. Maji ilikuwa rangi ya chai. Nabwire akajaza chupa zake akitabasamu kama mtu amepewa nyama.

Majibu yalitoka machafu vibaya sana. Daktari Oyugi akaamini, nafasi ikabaki yake. Lakini kazi yote ya nyuma imetupwa, anaanza upya. Mwaka mzima, bure! Kwa sababu ya brashi!

Sasa Purity akipita kwa geti yangu anageuza shingo, eti nimewaaibisha. Na Nabwire, badala ya kushukuru, anataka asimame kanisani awaombe msamaha.

"Ukianza kuomba msamaha, utataja na siku unaenda," nimemwambia. "Nakujua. Vaa viatu, chukua chupa. Magoti yangu haitangoja adabu yako."