Unga Niliopeleka Lambwe

Katikati ya miaka ya tisini nilifanya kazi ya misaada ya kanisa Homa Bay. Tulipeleka unga, maharagwe na sabuni kwenye nyumba zenye wagonjwa wa ule ugonjwa ambao siku hizo watu hawakupenda kuutaja kwa jina, na kabla ya kuondoka tuliomba pamoja nao. Mwenzangu aliyehudumu upande wa Migori alipougua na kurudi kwao, nikapewa na eneo lake. Wiki ilianzia Lambwe na kuishia Kehancha. Jumamosi zilikuwa za mazishi.

Nilichoka uchovu ambao usingizi haukuuondoa. Asubuhi nilikaa kitandani nikitazama viatu vyangu, kuvivaa tu nikaona ni kazi kubwa. Padre akiniuliza, nilimwambia niko sawa. Niliona aibu kulalamika wakati watu wanakufa.

Siku moja nilifika kwa fundi cherehani mmoja huko Lambwe, aliyekuwa ameugua muda mrefu. Mkewe alinipokea mfuko wa unga, akanikalisha kando ya kitanda. Tulizungumza Kiswahili, maana mimi ni mtu wa Mwingi na Kijaluo changu kilikuwa cha salamu tu. Wakati wa maombi ulipofika nilifumba macho, nikamwita Mungu, kisha nikakwama. Maneno niliyoyasema nyumba baada ya nyumba hayakuja. Nilibaki nimeinamisha kichwa, nikisikia kuku wakichakura nje.

Ndipo mgonjwa akaweka mkono wake juu ya wangu, akaanza kuomba yeye, kwa Kijaluo, polepole, akipumzika ili avute pumzi. Neno nililolishika ni nyathina, mtoto wangu. Alilirudia mara kadhaa. Alipomaliza sikuweza kuinua macho.

"Nani anakupikia?" akaniuliza.

Nilimwambia naishi peke yangu, na jioni nyingi nakunywa chai na mkate, basi. Akamgeukia mkewe, wakasemezana kidogo, mama akaenda jikoni. Nilipomwona anafungua mfuko ule ule niliouleta, nilimfuata kumsihi asinipikie, kwamba hicho ni chakula cha mgonjwa na watoto. Hakuacha kuchota unga.

"Ukishatupa sisi, si wako tena," alisema. "Ni wetu. Na sisi pia tunakaribisha mgeni."

Nikakaa. Tulikula ugali kwa omena, wale dagaa wa ziwani, na osuga, ile mboga chungu, aliyoipika kwa maziwa. Mgonjwa alikula kidogo sana, akinitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni. Baadaye mama alinitandikia mkeka kwenye kivuli cha nyumba, akaniambia nilale. Nililala mpaka jua likapungua ukali, na hakuna aliyeniamsha.

Jumapili iliyofuata mama huyo alisimama kanisani, akawaambia akina mama wenzake kwamba msichana wa misaada anaelekea kuugua kama wale anaowahudumia. Tangu hapo, kila kituo nilichofika nilimkuta mama mmoja ananingoja tutembee pamoja. Huyu alibeba mzigo, yule aliongoza maombi, na sahani yangu haikukosekana. Mimi nami nikapata moyo wa kumwambia padre ukweli, naye akatafuta mtu mwingine wa kwenda Migori.

Fundi alifariki kabla ya mvua ndefu. Siku ya mazishi nilikwenda kukaa kwenye viti vya wageni, lakini mjane akaja mwenyewe kunishika mkono. Alinikalisha nyuma ya nyumba, katikati ya binti zake, akanipa kisu na beseni la sukumawiki. Nilikata mboga huku machozi yakinitiririka, yaliyokuwa yamegoma tangu niingie kazi ile. Wale dada walinisogelea, mpaka mabega yetu yakagusana, tukaendelea kukata.