Kiraka wa Blacktown

Safari yangu ya kwenda Sydney ilianzia Tabora, ingawa tiketi ilikatwa Dubai. Nilitoka nyumbani kijana, na cheti cha kidato cha nne, nikaenda Dar es Salaam kuandika mabango ya maduka. Nilipoyachoka mabango nikashika kamera, nikapiga video za harusi. Kutoka hapo Nairobi, kutengeneza simu. Kutoka Nairobi Dubai, simu zilezile, ila kibandani mlikuwa na kiyoyozi. Kila mji niliufikia nikiutamani ule niliouacha. Katika ndege ya Sydney nilikaa dirishani, na chini hapakuwa na kitu ila bahari, hadi mzee aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nina hakika nchi yenyewe ipo.

Nilikwenda kusomea uchoraji wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Darasani wenzangu walikuwa na umri wa watoto wa dada yangu. Nilipanga chumba Blacktown, magharibi mwa jiji, na ili nile, nikapata kazi ya kutunza wazee karibu na Westmead. Kanisani Blacktown ndiko nilikokutana na mwenzangu, Mkongomani wa Bukavu, dereva wa foklifti ghalani. Alikuwa amejifunza kuandika programu peke yake, kwenye kompyuta za maktaba ya Liverpool, mtaa wa kulekule Sydney. Alinikuta nimechuchumaa nyuma ya spika iliyokufa katikati ya ibada.

"Grand, weye unajuaka na kuchora?" Grand ni kaka mkubwa, kwa Kifaransa chao.

"Kidogo."

"Na muziki?"

"Kidogo."

"Na video?"

"Kidogo vilevile."

"Basi kidogo yako iko mingi. Tufanye gemu."

Tukaanza, kwenye garaji ya nyumba yake, katikati ya baiskeli za watoto na mashine ya kukatia majani. Katika makampuni makubwa ya gemu mtu mmoja huchora miti tu mwaka mzima, mwingine maji tu. Sisi tulikuwa wawili. Yeye aliandika programu, mengine yote yalikuwa yangu. Nilichora kuta, nikatunga muziki, nikaandika maneno ya wahusika. Sauti ya hatua niliipata kwa kusugua kwa kandambili ndoo ya mchanga wa dukani, ule wa choo cha paka, maana udongo wa bustanini ulikuwa umelowa mvua. Niliigiza kuku, mbuzi, treni na mlevi.

Nyumbani mchezaji wa namna hiyo tunamwita kiraka. Leo beki, kesho winga, na kipa akiumia yeye ndiye anayevaa glavu. Kocha humpenda sana, lakini jezi yenye jina lake haiuzwi. Niliwahi kuomba kazi katika studio moja ya gemu mjini, na kijana aliyenihoji aliangalia kazi zangu kwa adabu, kisha akaniuliza ni kitu gani kimoja ninachokiweza kuliko vyote. Nilifikiri njia nzima ya treni kurudi Blacktown.

Gemu yetu haikuwa na bunduki. Mchezaji ni mtu anayetoka mbali, ametumwa salamu, na anazipeleka nyumba hadi nyumba katika mtaa mmoja. Mtaa ule niliuchora kwa kumbukumbu: nyumba za reli za Tabora, na ya mwisho ndiyo yetu, ambako mama yangu anaishi hadi leo. Mwenzangu nilimwambia ni mtaa mzuri kwa gemu, basi. Sikumwambia kwamba nilijiwekea ahadi. Niliamini kwamba nikiujenga mtaa ule sawasawa, hadi kutu ya mabati, hamu ingetulia, na mimi ningeweza hatimaye kukaa mahali pamoja.

Gemu hujaribiwa na watu wasioijua. Vijana wa chuoni waliicheza kwanza. Waliingia kila nyumba, wakafungua makabati, wakapanda juu ya vitanda, wakasema ni nzuri. Kisha Jumapili moja baada ya ibada tukaweka kompyuta karibu na birika la chai, na mama mmoja Mkenya wa Kisii, muuguzi, akaketi mbele yake. Alitembea vizuri mpaka mlango wa kwanza. Hapo akasimama.

"Mama, bonyeza hapo, mlango utafunguka," nikamwambia.

"Niingie tu?"

"Ndiyo."

"Nyumba ya wenyewe? Kwani wewe ulilelewa na nani?"

Wanawake waliokuwa wakigawa chai walisogea. "Labda ni gemu ya wezi," mmoja akasema.

"Hapana, ni ya polisi," akajibu mwingine. "Polisi ndio huingia hivyo."

Mama yule alikuwa bado ameshika kipanya. "Mnataka nipeleke salamu na hodi sijapiga. Hodi iko wapi?"

Mwenzangu akanitazama, nami nikamtazama. Hapakuwa na hodi. Watu wawili wazima, tuliolelewa kwa Kiswahili, tulikuwa tumejenga mtaa mzima wa milango isiyopigwa hodi. Miaka ya Sydney ilitufanya hivyo. Kule unatuma ujumbe kwanza, unabonyeza kengele, unaingiza namba, na wazee niliowatunza nilifungua vyumba vyao kwa kadi iliyoning'inia shingoni. Nilikuwa nimekumbuka kutu, nikasahau hodi.

Mwenzangu aliiongeza haraka. Ukibonyeza, mtu wako anaita "hodi", na mlango haufunguki mpaka aitikiwe. Kazi ya "karibu" ilikuwa yangu. Nikakusanya sauti kanisani: mzee Mrundi, dada wa Uvira anayecheka kabla ya kusema, na yule muuguzi mwenyewe. Niliwarekodi kabatini kwangu, kati ya makoti. Ikabaki nyumba ya mwisho. Nikampigia mama yangu simu.

"Mama, sema tu 'karibu', nirekodi."

"Nimkaribishe nani?"

"Mtu yeyote anayecheza. Atapiga hodi, wewe umwitikie."

"Yuko mlangoni kwangu?"

"Hapana, mama. Yuko kwenye kompyuta."

Akacheka. "Mwanangu, siwezi kumkaribisha mtu ambaye hayupo. Wewe ukifika, piga hodi. Nitakuitikia."

"Basi jifanye nimefika."

"Nimejifanya hivyo miaka mingi," akasema. "Nimechoka." Kisha akaniuliza kama huko ni baridi.

Mwenzangu aliliona ni jambo dogo. "Weka sauti ya mama mwingine. Nani atajua?" Tukaiweka ya muuguzi. Ilikuwa sauti nzuri, yenye joto. Nilisimama mbele ya nyumba yetu kwenye skrini, nikapiga hodi, mwanamke wa Kisii akanikaribisha kwa mama yangu. Nikaifuta.

Gemu ilitoka hivyo. Wachezaji wa nchi za mbali walituandikia kwamba mlango wa mwisho umeharibika: unapiga hodi, haujibu. Walikuwa waungwana, wengine walieleza hata namna ya kuutengeneza. Mwenzangu aliwajibu kwamba tunalijua tatizo hilo. Mimi saa ya chakula kule Westmead nilikuwa nikifungua gemu yangu mwenyewe, napita mtaa mzima bila kupeleka salamu yoyote, nasimama mbele ya mabati niliyoyachora. Nilikuwa na kila kitu cha mtaa ule. Hamu ilikuwa imezidi.

Nikakata tiketi ya kwenda nyumbani, bila kurudi.

Siku ya kuondoka mwenzangu alinipeleka uwanja wa ndege na gari lake. Kamera, kinasa sauti, kibao cha kuchorea, vyote nilikuwa nimemwachia garajini. Njiani mijakaranda ilikuwa imechanua.

"Na gemu ya pili?" akauliza.

"Utapata mtu."

"Nitatafuta mutu wa kuchora. Mutu wa muziki. Mutu wa sauti, mutu wa maneno." Akahesabu kwa vidole kwenye usukani. "Garaji iko kadogo, grand. Hawataingia."

Mbele ya mlango wa wasafiri hairuhusiwi kusimama sana, na mlinzi alishaanza kututazama. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimsalimie mama. Nikasema salamu zitafika. Akaingia garini, nami nikavuta sanduku langu la nguo kwenda ndani.