Fundi wa jua anayefanya kazi gizani

Saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Mtaani Amalemba, mjini Kakamega, jua limesimama wima juu ya mabati na kuku wamejibana chini ya upenu. Ndani ya chumba kimoja cha kupanga, dirisha limezibwa kwa blanketi zito. Mwanamke wa miaka ishirini na saba ameinamia kompyuta. Anatengeneza jua.

Anaitwa Winrose Shikanga. Wasanifu majengo humletea jengo ambalo bado halijajengwa, umbo tu la kijivu kwenye kompyuta, halina mwanga wala kivuli. Yeye huliwekea jua, anga na vivuli, hata anayeiona picha adhani kuna mtu alisimama pale na kamera mchana kweupe.

"Watu wanasemanga mimi nachora nyumba," anasema. "Nyumba inakuja ikiwa tayari. Mimi kazi yangu ni mchana."

Blanketi lina sababu yake. Mwanga wa nje ukiingia, rangi za skrini zinamdanganya. Kwa hiyo amekaa humo miaka mitatu, saa kumi au kumi na mbili kila siku. Picha moja humpa shilingi elfu sita, na kuna mwezi anapata picha tatu tu. Macho yamekuwa mekundu, na kitabu sasa anakisogeza karibu na pua.

Mzazi mwenye kijana wa kompyuta na asikie yaliyompata mwezi Machi.

Wandera, msanifu majengo wa hapo mjini, alimpa kazi ya bwalo la chakula ambalo wazazi wa shule moja karibu na Butere walitaka kujenga. Kulikuwa na picha tano. Kamati ya wazazi ikiikubali ya kwanza, nne zilizobaki ni za Winrose. Ikiikataa, Wandera atatafuta mtu mwingine.

"Usiniangushe, dada," alimwambia. "Hao wamama wa Butere hawachekangi na mtu."

Mafundi wengi wa kazi hii hawatengenezi anga. Huchukua picha ya anga halisi iliyopigwa mahali fulani, pamoja na jua lake, wakaiweka juu ya jengo. Winrose alipata moja safi, samawati tupu. Hakujiuliza imetoka wapi. Kumbe ilikuwa ya nchi ya baridi, kaskazini kabisa, ambako hata adhuhuri jua hukaa chini, pembeni.

Winrose alipoionyesha picha kwenye ukuta wa darasa, Bi Hamida, mwenyekiti wa kamati, aliitazama saa iliyokuwa imewekwa juu ya mlango wa bwalo.

"Hiyo saa inasema saa ngapi, mwanangu?"

"Saa sita na nusu, mama. Wakati wa chakula."

"Na kivuli cha nyumba kimefika golini! Saa sita ya wapi hiyo? Ama kwenu chakula cha mchana mnakulanga magharibi?"

Wazazi walicheka mpaka benchi moja likayumba. Lakini mzee Titus, aliyekuwa nyuma, hakucheka.

"Tulishaletewa picha nzuri hapa na mtu ambaye hatujamwona tena," alisema. "Isiwe hii ni shule ya watu wengine, mmebandika jina letu."

Kicheko kikaisha. Walimpa Winrose mpaka Ijumaa.

Alirudi gizani. Alilipandisha jua juu kidogo, vivuli vikawa vyeusi tii. Akaongeza taa ndani ya vivuli ili vipungue weusi, kisha nyingine, na nyingine. Kufikia Alhamisi taa zilikuwa kumi na moja, na picha ilifanana na duka la simu.

Siku hiyo mamake, Maximilla, alifika kutoka Mayoni na unga. Alifua kwanza, kisha akaingia na kuitazama skrini bila kuketi.

"Huyu mtoto mbona ana vivuli viwili? Kwani huko jua ni ngapi?"

"Mama, hizo ni taa nimeongeza."

"Taa, mchana? Wewe ni lini ulitoka nje? Inuka. Nimekufulia shuka, kuja tuanike."

Winrose alitoka amefunika macho, machozi yakimtiririka. Macho yalipozoea, alitazama chini. Kivuli chake kilikuwa kimejikunja miguuni kama paka. Alitazama shuka nyeupe. Upande usio na jua haukuwa mweusi, ulikuwa na usamawati wa anga. Na chini, karibu na ardhi, shuka ilikuwa na wekundu mwepesi, udongo ukiurudisha mwanga juu.

"Hakuna mtu alikuwa ameweka taa pale," anasema. "Nilikuwa nimesahau. Hiyo ndiyo iliniogopesha kuliko macho."

Alifuta taa zote kumi na moja. Akabakiza jua moja juu kabisa, anga moja, na udongo mwekundu.

Ijumaa, Bi Hamida aliusogelea ukuta mpaka sura yake ikaingia kwenye picha.

"Hapa ni kwetu," alisema. Halafu akageuka. "Sasa watoto watakulia wapi?"

Kile kivuli kirefu cha mwanzo, kilichofunika viti vya nje, hakikuwepo tena. Kulibaki ukanda wa kivuli chini ya upenu, upana wa kanga moja. Viti vya watoto mia mbili vilikuwa juani.

Wandera, aliyelichora bwalo, alifungua daftari lake.

Kamati iliikubali picha na kulikataa jengo. Waliagiza varanda ya mita nne. Kama picha yenye lile jua la kwanza ingepita, saruji ingeshamwagwa kabla ya mtu kujua.

Winrose alipata zile picha nne. Blanketi bado liko dirishani, kwa sababu kazi inalihitaji, lakini mwezi huu ana miadi ya kupimwa macho. Anapanga pia kupiga picha za anga la Kakamega mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, mwezi baada ya mwezi, ili vijana wanaoanza kazi hii wasiazime jua la watu.

Simu inalia kwenye meza. Ameitega ilie kila siku wakati kama huu. Winrose anainuka, anachukua shuka nyeupe mgongoni mwa kiti, na kuufungua mlango, mkono tayari uko juu ya macho.