Manjano Kwenye Picha ya Shamba la Mavyaa

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na waliokuwapo siku ile wengi wao wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo nawasimulia mwenyewe leo kabla hamjaisikia kwa wajukuu wa Bi Zuhura, ambao najua wanaitia chumvi. Mimi Mwanaesha, binti wa Kipini, niliyelelewa na bibi mwenye adabu zake, niliitumbukiza zawadi ya Idi ya mavyaa, mama mkwe wangu, kwenye beseni la kunawia mikono, mbele ya wageni, punje za pilau zikielea juu yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami nina miezi saba tu ya ndoa hapo Garsen. Mume wangu Jillo, Mpokomo wa Minjila, alikuwa mvuta kamba kwenye kivuko. Siku moja gari la bwana mmoja mpima barabara lilitaka kuteleza mtoni, Jillo akawahi kulizuia kwa gogo, na yule bwana kwa kushukuru akamwachia kamera yake ya kisanduku, na tangu siku hiyo wazimu ukaingia nyumbani kwetu. Wengine wangepiga maharusi na watoto waliovalishwa viatu, lakini Jillo wangu alipiga matete, akapiga ukungu, akapiga ndege yangeyange wamesimama na kivuli cha mti wa mkoma kimelala juu ya maji, kisha filamu inapanda lori kwenda kusafishwa Mombasa, na baada ya mwezi mzima inarudi bahasha ya picha zisizo na mtu hata mmoja. (Nilimwuliza mara moja tu, tena kwa upole, kama mimi sitapigwa hata moja. Akasema mimi si ananiona kila siku.)

Mnisamehe, lakini mimi sikuona kitu katika picha zile. Niliona majivu. Mto wetu mwekundu umekuwa majivu, mpunga majivu, mbingu majivu, na yeye anashika moja kwa ncha za vidole na kuniambia, "Tazama hapa, weupe unavyoingia kwenye weusi polepole." Nami naitikia ndiyo, nimeona, kumbe nawaza chungu changu jikoni.

Sasa, mojawapo ya picha hizo ilikuwa ya shamba la mpunga la mamake, pale mto ulipokuwa unapinda karibu na Minjila. Nasema ulipokuwa, kwa sababu katika mafuriko yaliyofuata mto ulihama, ukachukua shamba lote, migomba, kingo na kila kitu, na pakabaki maji tu. Filamu yenyewe Jillo aliihifadhi ndani ya kopo, mende wakaitafuna. Ikabaki picha moja, kubwa kama ukurasa wa daftari, na Jillo akaificha chini ya godoro ili ampe mamake siku ya Idi. Yule mama tangu shamba liende hakulitaja tena. Alihamia kwa kakake, akawa mtu wa kukaa na kutazama mikono yake.

Na mimi na mavyaa, niseme kweli, tulikuwa hatujazoeana. Hakunitesa wala hakunitukana, lakini hakuwahi kuniita jina. Nilikuwa "mke wa Jillo", kana kwamba Jillo akiondoka nami naondoka. Nilitaka sana anipende. Ndiyo maana siku moja kabla ya Idi, Jillo yuko kivukoni, nikaitoa ile picha chini ya godoro, nikaiangalia na kujiambia, masikini, mama wa watu alipoteza shamba la kijani, ndio anarudishiwa la majivu?

Nilikusudia kutia buluu kidogo tu mbinguni. Wallahi kidogo tu. Nilikuwa nayo ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, nikaikoroga kwa maji ya sukari ipate kushika, nikachukua njiti ya kibiriti yenye pamba, nikapaka. Ikapendeza. Lakini mbingu ikishakuwa ya buluu, mpunga wa kijivu chini yake unaonekana mgonjwa, basi nikatia manjano ya mchuzi, nikachanganya na ile buluu, nikapata kijani kibichi cha kumpendeza hata ng'ombe. Kisha kingo za mto nazo zikaonekana zimetengwa, nikaenda kuchukua udongo wa mto wenyewe (niliona hiyo ni akili kubwa sana) nikazipaka. Upande wa kulia palikuwa na alama nyeusi kama doa, vijiti vijiti hivi, nikadhani ni uchafu wa huko Mombasa, nikaufukia kwa udongo na kijani juu yake. Nikairudisha ndani ya bahasha bado ina unyevu, nikaenda kupaka hina roho yangu imetulia kabisa.

Idi ikaingia. Wanawake wa mtaa wamejaa chumbani kwangu, pilau imeliwa, na mavyaa amekaa juu ya mkeka amejitanda leso mpya nyeupe. Karibu naye yuko Bi Zuhura, mke wa mwenye duka, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi usio na mlango. Jillo akapiga hodi, akaingia na bahasha, akapiga magoti mbele ya mamake.

"Mama, nimekuletea shamba lako," akasema.

Picha ikakataa kutoka. Sukari ilikuwa imeigandisha na bahasha. Jillo akachana karatasi taratibu, huku amemtazama mamake na si picha, akamkabidhi. Mavyaa, kabla ya kuitazama, akaibusu na kuigandamiza kwenye paji la uso, na alipoishusha, paji lilikuwa la buluu. Akaanza kuitazama. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, kidole chake kinatafuta upande wa kulia na kuacha michirizi, na sisimizi wawili (kumbe walishapata habari ya sukari) wanatembea juu ya mpunga.

"Jillo," akasema, "dungu yangu iko wapi?"

Kwa wasiojua kilimo, dungu ni ulingo wa miti shambani, mtu anakaa juu yake kuamia ndege wasile mpunga. Vile vijiti.

Jillo akaichukua picha. Nilimwona akiitazama, na sipendi kukumbuka uso wake. Bi Zuhura akainama akanusa. "Mbona picha inanukia mchuzi?"

Hapo ndipo ningesema kweli, nami nikasema, "Labda huko Mombasa siku hizi ndivyo wanavyozisafisha." Nikasema hivyo nimeinua mkono kuonyesha upande wa Mombasa, na mkono ule, pamoja na hina yake nzuri, kucha zote zilikuwa za manjano na pembeni buluu. Mavyaa akaushika. Akaugeuza, akautazama kama mtu anayechagua samaki, akauachia. Bi Zuhura akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na chumba kizima kikamfuata, isipokuwa watu watatu.

Mavyaa hakunifokea. Afadhali angefoka. Alimwambia mwanawe taratibu, "Basi hii si shamba yangu. Hii ni ya watu wengine." Akaanza kukusanya leso yake ainuke aende zake, na nikajua akivuka mlango ule nitabaki mke wa Jillo mpaka kufa kwangu, kama hata hilo litabaki.

Sikufikiri. Nilikumbuka tu Jillo alivyowahi kuniambia kwamba picha kule zinakotengenezwa huoshwa kwa maji mengi. Nikamnyang'anya Jillo picha, nikaizamisha kwenye beseni lililokuwa pale la kunawia, wanawake wakapiga kelele, Bi Zuhura akasema, "Ameshaimaliza." Machozi yananitoka, nasugua, nasikia mkono wa Jillo umeshika wangu ndani ya maji.

"Usisugue," akasema. "Itikise tu."

Tukaitikisa wote wawili. Buluu ikatoka kama moshi, udongo ukazama chini, kijani kikajivua kidogo kidogo. Jillo akaagiza maji safi, tukabadilisha, tukatikisa tena, na vicheko vikaisha kimoja kimoja kwa sababu watu walisogea kutazama. Chini ya ule upuuzi wangu wote shamba lilikuwa linatoka. Kwanza yangeyange, weupe. Kisha ukungu juu ya mpunga, si majivu hata kidogo, ukungu wenyewe, unauona ulivyo na baridi. Kisha kingo nyeusi, na upande wa kulia vijiti vinne na paa dogo la nyasi.

Mavyaa alipiga magoti kando ya beseni, paji lake bado la buluu. "Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo. Naenda pale alfajiri mbele ya jua. Saa ile dunia haina rangi. Ni nyeupe na nyeusi tu, na mimi pekee yangu, na ndege bado wanalala. Jua ikitoka rangi zinakuja, na kazi pia inakuja. Lakini ile saa ilikuwa yangu." Akalia, mara ya kwanza tangu shamba liende, na Bi Zuhura, msinisahaulishe hili, ndiye aliyemfuta uso kwa leso yake mwenyewe.

Manjano, mnajua tabia yake, haikutoka yote. Ilibaki tone moja juu ya dungu, dogo kama punje ya mtama. Jillo akasema atajaribu kulikwangua kwa wembe, mamake akamzuia. Akaweka kidole pale, akanitazama, akasema, "Acha. Hapa ni Mwanaesha. Amekaa kwa dungu yangu, anaamia ndege."

Tangu siku ile sijatia manjano isipokuwa kwenye chungu, na kitu cha mwenzangu nikikiona hakipendezi, kwanza ninauliza yeye anakionaje. Picha ilipata kioo, ikatundikwa ukutani kwangu, maana mavyaa alihamia kwetu, na kila asubuhi alipita pale akagusa lile tone kabla ya kunisalimia. Manjano ikipigwa na mwanga hupauka. Miaka ikapita, tone likafifia, likatoweka kabisa, na macho yake yeye yalikuwa yameshakufa asingeweza kujua. Sikumwambia. Mpaka asubuhi yake ya mwisho alipapasa kioo, kidole kikaenda palepale, akaniita jina.