Nyumba ya Mtu Aliye Mbali

Barua za kaka yangu zilifika kwenye sanduku la posta la ofisi ya Baba, kule reli, naye alizibeba mpaka nyumbani, mtaa wa Umoja, ndani ya mfuko wa koti bila kuzifungua. Hata bahasha ikiwa imechanika pembeni, hakuchungulia. Barua ya mwanajeshi, alisema, haina mwenyewe mmoja. Aliketi, akavua viatu, akamsubiri Mama atoke jikoni akifuta mikono kwa leso, kisha akanikabidhi mimi. Nilikuwa kidato cha pili na nilikuwa na sauti ya kusoma, au ndivyo walivyoniambia ili nisiikatae kazi.

Kaka alikuwa rubani wa helikopta. Miaka ile ya tisini jeshi letu lilikuwa limetuma watu kwenda kulinda amani katika nchi ya mbali iliyokuwa ikijichoma yenyewe, na yeye alikuwa mmoja wao. Alibeba unga, dawa, na mara nyingine majeruhi. Vita vyenyewe hatukuviona. Tulichokiona ni jinsi mtaa ulivyombadilisha Mama jina. Mwanamke aliyeuza sukuma wiki kwenye kona yetu alimchokoza kila jioni.

"Mama Rubani! Mwambie huyo kijana akirudi atue hapa juu ya paa langu. Na mimi nataka kwenda sokoni kama mheshimiwa."

"Paa lako hilo? Litambeba paka kwanza."

Wakacheka, na Mama akaongezewa majani mawili ya bure.

Barua zenyewe zilikuwa nyepesi. Aliandika kuhusu baridi inayogandisha dawa ya meno, kuhusu mpishi wa kambi aliyedhani ugali ni uji uliosahauliwa jikoni. Mara moja aliandika: "Ukishayapita mawingu, jua huwa pale pale, halijaenda popote." Mama aliniomba niusome mstari huo mara tatu. Baba alijifanya anatafuta miwani.

Kisha ikaja ile ya mwezi wa tano. Ilianza kwa salamu kama zote, ikapita kwenye baridi, halafu ikasema: "Baba, naomba unijengee nyumba nyumbani. Vyumba viwili vinatosha. Usingoje nirudi. Nitafurahi ikiwa tayari kabla ya mwezi wa nane."

Niliyasoma hayo kwa sauti ile ile niliyosomea dawa ya meno. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amekaa chini, sakafuni, na kiti kilikuwa nyuma yake.

Kwetu magharibi, mvulana akikua hujijengea nyumba yake ndogo ndani ya boma la baba yake. Kaka hakuwahi. Alikulia Umoja, akalala kwenye kochi la sebuleni mpaka siku alipoingia jeshini. Na mwanamume akifa bila nyumba, mwili wake haulazwi katika nyumba ya mama yake. Jamaa hukimbia kusimamisha kibanda, mabati ya kuazima juu ya miti mibichi, ili marehemu apate mahali pake. Kwa hiyo nyumba ya mtu asiyekuwepo hujengwa kwa sababu moja tu, na kila mtu anayepita barabarani huijua.

"Kijana ameomba," Baba akasema.

"Ameomba asichokijua."

"Ni mtu mzima."

"Nguzo ya kwanza huwekwa na nani, Mzee? Si mwenye nyumba? Utamwita atoke huko juu aje aishike?" Mama alisimama. "Ukichimba hata shimo moja, utakuwa umemchimbia."

"Na ikiwa siku moja..." Baba hakumaliza. Alikuwa mtu wa reli. Kila kitu kwake kilikuwa na saa na utaratibu, na nadhani aliogopa kitu kimoja kuliko vyote, kuonekana siku ya msiba akikata miti huku watu wamesimama wakimhurumia. Mama naye aliogopa kukata miti kwenyewe. Walimpenda mtu yule yule, na kwa majuma mawili hawakuweza kukaa meza moja.

Jumamosi Mama aliniita niandike jibu. Tulitumia ile karatasi nyembamba ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe.

"Mwandikie kwamba mvua imezidi."

Hakukuwa na mvua. Niliandika.

"Mwandikie mafundi hawapatikani. Tutajenga akirudi. Na usiliandike lile neno."

"Neno gani, Mama?"

"Unalijua. Ukiliandika, litapanda naye kwenye hiyo ndege."

Nilimwona akilini kaka yangu akiisoma barua ile hemani na kuamini kwamba wazazi wake wamemnyima. Angeandika tena, na mara hii Baba angeanza kuchimba. Basi Mama alipokwenda kuzima stovu, niligeuza karatasi na kuandika pembeni kwa Sheng, lugha yetu ya mtaani, ambayo wazazi wetu waliisikia tu kama kelele za watoto:

"Niaje bro. Si mvua. Keja ya msee hayuko hujengwa akidedi. Mathe halali. Usiitishe tena." Yaani nyumba ya mtu asiyekuwepo hujengwa akifa, Mama halali usingizi, asiiombe tena.

Baba aliikagua kabla ya kuifunga. "Na hii hapa, miguu ya kuku?"

"Salamu za marafiki zake wa mtaani."

"Hawajui kuandika?"

"Wanajua hivyo tu, Baba."

Majuma sita. Kina mama wa kanisa walikuja Alhamisi kuomba nasi, na Mama aliomba kwa ajili ya wote walio safarini bila kumtaja wake, kama mtu anayepita kimya kwenye nyumba yenye mbwa. Baba alirudi kutoka kazini kila siku akianza kutikisa kichwa akiwa bado langoni, kabla hajaulizwa.

Jibu lilipofika, nilisoma nikiwa nimesimama. Kaka aliomba radhi kwa wote. Alikuwa amepewa likizo. "Baba, usijenge kitu. Noa shoka tu, na Mama asiniwekee kazi nyingine."

Mama akaanza kulia na kuimba kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeuona mstari wa pembeni.

"Nilijua nusu tu, sista, kwamba msee akienda bila keja husumbua watu. Helikopta ya wenzetu ilianguka. Nikasema heri mzae asikimbizane na miti nikiwa njiani kurudishwa. Hiyo nusu ingine sikuijua." Mzae ni Baba, kurudishwa ni ndani ya jeneza, na nusu ile nyingine ndiyo niliyomwandikia mimi.

"Amesema nini hapo?" Baba aliuliza.

"Anasema hajui kutumia shoka."

Hilo halikuwa uongo kabisa. Alipokuja, mwezi wa nane ule ule, tulikwenda nyumbani magharibi sote wanne, na yule mtu aliyetua na helikopta katikati ya milio ya bunduki alijipiga shoka la kwanza kwenye kiatu. Baba alimshika mikono kwa nyuma, kama anayemfundisha mtoto kushika kalamu, na pamoja wakaisimamisha nguzo ya kwanza. Nyumba ilikamilika siku mbili kabla hajarudi kazini. Udongo wa kuta ulikuwa bado mbichi.

"Ingia, Mama, uone," akasema.

"Niingie hivi hivi nyumba ya mwanamume mzima? Nani alikulea wewe?"

"Wewe. Umoja."

"Basi kosa ni langu." Akabaki kwenye kizingiti, kama desturi yetu inavyomtaka mama. "Lakini utalala humo. Leo na kesho. Nyumba ikilaliwa na mwenyewe, haimngojei tena mtu."

Alilala humo. Alfajiri nilimkuta Mama ameketi nje ya mlango ule na birika la chai, shuka mabegani, akisikiliza. Ndani kaka yangu alikuwa akikoroma kama trekta. Nilitaka kubisha chai isipoe.

"Mwache," Mama akaninong'oneza, akasogea ili nami nipate nafasi ya kukaa. "Mwache aendelee."