Karanga za Mchana

Mume wangu hakuwa na nyumba ndogo. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia habari hii, wanawake wenzangu huinamisha vichwa na kunipa pole kabla sijafika hata katikati, wakidhani wanajua inakoelekea. Hakuwa na mwanamke mwingine, wala hakuwa mlevi. Na bado tuko pamoja, msije mkasema niliachika. Kosa alilonitendea ni dogo kiasi kwamba nikilitaja kwa kifupi watu hucheka, na mimi hupandwa na hasira upya. Mume wangu alikula.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulipanga mtaa wa Majengo, vyumba viwili vidogo kwenye nyumba ya familia nne zilizotumia ua mmoja na choo kimoja. Yeye alikuwa karani kwenye ghala la mbao karibu na stesheni ya treni. Kazi yake ilikuwa kuandika mbao zinazoingia na zinazotoka. Tulikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni. Kawajense, nje kidogo ya mji, tulikuwa na kiwanja chenye kuta za tofali za kuchoma, zimesimama hadi kwenye linta juu ya milango, ndani yake nyasi zimeota kufika kiunoni. Kilichokosekana ni mabati. Jioni moja, tukiwa tumekaa mlangoni, akaniambia, "Mama watoto, tukifunga mkanda mwaka mmoja tu, mwakani kabla ya mvua tunaezeka."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nimechoka kusubiri zamu ya choo na kusikiliza ndoa za watu ukutani.

Basi nikabana. Nasema bila kujisifu, ingawa najisifu kidogo: hakuna aliyejua kubana kama mimi. Mafuta ya kupikia niliyaondoa jikoni kabisa, nikawa natwanga karanga na kuunga nazo mboga. Mvua ikiharibu reli na treni isipofika, sukari mjini ilipanda bei hadi watu wakalalamika barabarani. Mimi sikulalamika, maana uji wa watoto niliutia asali aliyoniletea mjomba wangu, mtu wa mizinga huko porini. Sokoni nilikwenda jioni wauzaji wakifunga, nikachukua nyanya masalo, zile zilizobondeka, kwa bei ya kutupa, nikakata zilizooza nikazitupa, zilizobaki nikazianika juu ya bati la jiko. Maharage nilinunua wakati wa mavuno kwa wakulima wa Mishamo walioyaleta kwa baiskeli, nikayachanganya na majivu yasibunguliwe. Niliyaloweka tangu asubuhi na kuyatia magadi ili yaive kwa kuni chache. Sabuni ya mche niliikata vipande kwa uzi na kuianika ikakauka kama jiwe, isiyeyuke ovyo kwenye maji. Unga wa mahindi niliuchanganya na wa muhogo. Mvua zilipoanza tukala uyoga na mlenda hadi watoto wakaacha kuuliza leo tunakula nini.

Lakini aliyenipa nguvu ni yeye. Hapo ndipo nataka mnielewe. Jioni nikipakua ugali, alikula matonge manne au matano, akanawa. "Mimi nimeshiba," alisema. "Wagawie watoto." Nilimbembeleza aongeze, akakataa. Mwanamume mzima, ametoka kazini, anasukuma sahani kwa wanawe! Niliwahi kugeukia ukutani nikafuta machozi kwa upande wa khanga.

Na mchana ndiyo kabisa. Zamani alikuwa akinunua chakula huko kazini. Tulipoanza kubana alisema ataacha, hela ile iende kwenye mabati, yeye atashinda na karanga na maji. Basi kila asubuhi nilimkaangia karanga, nikazitia chumvi kidogo, nikazifunga kwenye karatasi la daftari. Zilitoka kwenye kikapu kilekile cha karanga za uji wa watoto. Nilipunguza za watoto ili zake zitoshe, kwa sababu niliona haifai mtu abebe mbao za familia nzima kichwani, ndivyo nilivyojiambia, halafu akose hata cha kutafuna. Na mbao zenyewe alikuwa anaziandika tu.

Sasa mimi ningewezaje kupika mchana? Watoto niliwapa uji. Mimi nilikunywa maji nikasubiri jioni. Hakuna aliyeniamuru. Niliona aibu kukaa kitako na kula saa saba wakati mwenzangu ameshinda na karanga kiganjani. Wenzangu uani waliponiuliza mbona sipiki, nilijibu kwa majivuno kabisa kwamba kwetu mchana hatuli, baba mwenyewe hali. Mmoja, mke wa mwalimu, akaniambia, "Una bahati. Wa kwangu asipoona nyama anapiga vyombo." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Mtoto wa tatu alizaliwa masika. Mama yangu akaja na jogoo wa uzazi, akamchinja mwenyewe, akanipikia supu yenye pilipili manga na kuniagiza nimalize kuku mzima peke yangu, maana ni wa mzazi. Nilisubiri mama atoke kwenda kufua. Nikachukua paja moja na firigisi, nikamtilia mume wangu kwenye bakuli, nikamfunikia. Aliporudi jioni nikampa. "Hapana," akasema, "kula wewe, unanyonyesha." Nikamsihi. Nikamwambia amekonda, jambo ambalo sasa nikilikumbuka natamani kujizaba kofi. Akakaa, akala lile paja taratibu, akamalizia firigisi, akasema, "Asante mke wangu." Niliona fahari kuliko siku niliyoolewa.

Mwezi wa kwanza mtoto alikwenda vizuri. Mwezi wa pili uzito ulisimama. Wa tatu ukashuka. Wenye watoto wa wakati ule wanaikumbuka kadi ya kliniki: njia ya kijani juu, chini yake kijivu, chini kabisa nyekundu, na nesi anaweka nukta kwa kalamu kila mwezi. Nukta ya mwanangu ilitoka kwenye kijani. Alikuwa ananyonya, anaachia, analia, anarudi tena kwenye titi kana kwamba kuna kitu amesahau humo. Mwezi wa nne nesi alimtoa kwenye mzani, akaweka nukta ndani ya kijivu karibu kabisa na nyekundu, akanitazama mimi badala ya mtoto.

"Mama, wewe unakula?"

"Nakula."

"Jana mchana ulikula nini?"

Nikaanza kumvalisha mtoto. Akauliza juzi. Nikaendelea kufunga vifungo vyake.

"Sikiliza mama," akasema, na hakuwa mkali, "maziwa hayatoki hewani. Ukila atapona, wala hahitaji dawa. Usipokula, mwezi ujao namlaza huyu wodini, na wakifika hapo wengine hawarudi nyumbani. Nenda kamwambie baba yake."

Nikatoka na mtoto mgongoni, kadi mkononi. Jua lilikuwa la saa saba. Kutoka kliniki hadi ghala la mbao si mbali, nikaona nisisubiri jioni. Njiani nilikuwa najipanga namna ya kusema. Nilitaka kumwomba tuache kubana; mabati yasubiri mwaka mwingine, tule, mtoto apone. Nilichoogopa ni kumvunja moyo. Mtu aliyejinyima namna ile, nitamwambiaje kwamba imekuwa bure? Nilitafuta maneno laini ya kumfariji. Naapa, nilikuwa nakwenda kumfariji.

Mlinzi wa getini alinijua. "Hayupo ndani, shemeji. Wako kwa mama pale nyuma, wanakula."

Nikadhani amewasindikiza wenzake. Nikadhani amekaa pembeni na karanga zake, anawatazama.

Nyuma ya ghala palikuwa na banda la turubai, benchi mbili na meza ndefu. Mama ntilie alikuwa amesimama kwenye masufuria. Mume wangu alikuwa amekaa katikati ya benchi, amenipa mgongo, mikono ya shati amekunja. Nilizunguka hadi upande wa pili wa meza ndipo nikaiona sahani. Wali. Kipande cha kuku, kifua. Mchuzi mwekundu unaong'aa mafuta juu, mafuta ambayo jikoni kwangu nilikuwa nimeyasahau harufu. Kachumbari pembeni. Alikuwa anacheka huku anatafuna, amekaa kama mtu aliye sebuleni kwake, na chupa ya pilipili ameisogeza karibu bila hata kuitazama, maana mkono ulikwisha kujua inapokaa.

Hakuniona mara moja. Aliyeniona ni mwenzake wa kazi, kijana mcheshi ambaye aliwahi kuja kwetu. "Shemeji! Karibu! Afadhali leo umekuja tukushukuru. Zile karanga zako tunazifaidi sisi, huyu bwana hagusi."

Wakacheka wote. Mama ntilie naye akageuka, akafuta mikono kwa aproni, akanitazama kwa furaha. "Kumbe ndiye wifi! Mbona kwa kukutazama huna mkono wa birika?" Kicheko kikaongezeka. Mimi sikuelewa, naye akanifafanulia kwa wema kabisa, "Si huyu kaka anasema nyumbani kwake hakuliki, mke anabana mpaka chumvi. Usijali wifi, sisi tunamlisha kila siku, hajakosa hata moja."

Kila siku. Mwaka mzima nilikuwa nakaanga karanga, na mwaka mzima nilikuwa mchoyo maarufu wa ghala la mbao. Watu nisiowajua walikuwa wakimwonea huruma kwa kunioa mimi.

Mume wangu alisimama, mchuzi ukiwa bado vidoleni. "Mama watoto. Kuna nini? Mtoto ana nini?"

Yale maneno laini niliyoyatafuta njiani yalikuwa ya mtu mwingine. Nikamwekea kadi kwenye sahani, juu ya kachumbari, nikamwonyesha nukta kwa kidole. Aliinama akaitazama. Yule mcheshi akaanza kutazama viatu vyake.

"Nilikuwa na njaa," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nilishindwa, mama watoto. Wiki ya kwanza nilijaribu. Nilikuwa na njaa."

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Njaa yake ilikuwa ya kweli, kwa wiki moja. Ningeweza kumsamehe hata wali, hata kuku, hata mabati aliyokuwa anayatafuna pale tonge kwa tonge. Angeniambia tu, wiki ile ya kwanza, kwamba ameshindwa! Ningecheka. Tungeshindwa wote wawili. Badala yake alirudi nyumbani kila jioni tumbo likiwa limejaa, akala matonge manne kwa sababu hakuwa na pa kuweka la tano, akaniacha nimwite shujaa.

"Na lile paja?" nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Paja la kuku wa uzazi. Siku ile mchana ulikula nini?"

Mama ntilie ndiye aliyejibu, bila kufungua mdomo: aliinamia masufuria yake ghafla, na nikajua kwamba siku ile pia alikuwa amempakulia.

Mtoto akaanza kulia. Nikamfungua mgongoni, nikakaa kwenye benchi, nikampa titi. Alivuta, akaachia, akalia. Walimsikia wote, yule baba yake akiwa amesimama palepale na mikono michafu. Mama ntilie akaja na sahani nyingine, wali umejaa hadi kwenye ukingo, paja, mchuzi, akaiweka mbele yangu na kuninong'oneza, "Kula mama, mtoto apate kunyonya."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kusimama, niitupe ile sahani usoni mwa mtu, niondoke nimeinua kichwa. Lakini mwanangu alikuwa analia na nukta ilikuwa karibu na nyekundu, nikatia mkono kwenye wali, nikala mbele ya wanaume wale wote, machozi yakinidondokea kwenye mchuzi.

Na kile chakula kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kilikuwa kitamu mno, chumvi imekolea, vitunguu vimekaangwa vikakauka, kuku laini anayeachana na mfupa. Huu ndio utamu aliokuwa nao mdomoni kila jioni alipokaa mbele yangu, akaonja mlenda wangu, na kuniambia, "Mke wangu, umepika."