Shuka Lisilo na Fundo

Mama Kiraka, binti wa mshona magodoro, mjukuu wa mwanamke aliyefulia wodi ya wazazi hadi kucha zikamtoka, ndiye aliyeziba matundu ya mashuka ya hospitali tangu akiwa kigori mpaka alipostaafishwa, ndiye aliyemlea mdogo wake, yaani mume wangu, mama yao alipofariki, na ndiye aliyemkataa mwenye duka aliyekuja kumposa kwa sababu, alisema, "ananitazama upande mmoja tu."

Upande wa pili wa uso wake uliungua kwa mvuke wa pipa la kuchemshia nguo. Ngozi ilijikunja kutoka jichoni hadi shingoni. Watoto wa mtaani walidhani jina lake limetokana na hapo, naye hakujisumbua kuwasahihisha.

Mimi nilikuwa mzuri, na sioni kwa nini nifiche. Nilipoletwa kwao, watu walitoka milangoni kunitazama. Yeye alinizunguka mara moja, akasema, "Haya, wifi, sura tumeiona. Kulala, unakoroma?"

Chumba cha ushonaji cha hospitali kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia. Wenzake walibandika kitambaa cheupe juu ya tundu, wakazungusha cherehani, kazi imekwisha, na shuka likirudi wodini linapendeza. Yeye alitafuta kitambaa kilichochoka, cha kijani, cha kahawia, hata cha pazia, mradi kiwe laini, akakiunga kwa mkono, uzi baada ya uzi, mpaka pasiwe na pindo la kuinuka. Kisha alifumba macho na kupitisha mahali pale kwenye mdomo wake wa juu. Viganja vilikuwa vimekomazwa na sabuni, shavu moja halihisi kitu. Mdomo ndio uliobaki. Akisikia fundo, anafumua. Mashuka yake yalikuwa na sura mbaya kwelikweli.

Mume wangu alipopigwa na kiharusi tulimlaza chumba cha mbele. Hakuweza kusema wala kujigeuza. Daktari alitwambia tuulinde mgongo; ngozi ikishachubuka, hatakaa muda mrefu. Wifi akaleta mashuka yake.

Shemeji, kaka yao mkubwa, mwenye malori, alipokuja kumwona alisimama mlangoni.

"Ndugu yangu analalia matambara ya kupigia deki? Watu watasema nini?"

Kesho yake alituma mashuka meupe yanayong'aa, yametariziwa maua kila mahali. Nikatandika. Chumba kikawaka. Majirani walisifu, nami nikapokea sifa. Mume wangu alitazama dari.

Siku hizo wifi alikuwa hospitali kwa ajili ya macho yake. Aliporudi, alipeleka mkono chini ya mgongo wa mdogo wake kabla hata hajanisalimu. Tukamgeuza. Maua yalikuwa yamejichora mgongoni, mekundu, jani kwa jani, hata vikonyo vyake.

"Nani katandika hili?"

"Mimi. Kaleta shemeji."

Alilipapasa taratibu. "Ni zuri," akasema. "Zuri sana. Litoe."

Jumapili shemeji alikuja na wageni wake.

"Mama Kiraka! Umerudisha ramani yako?"

"Nimeirudisha, kaka. Yako nimeikunja. Ukiugua tutakutandikia."

Wageni wakacheka. Ulikuwa wakati wa kumgeuza mgonjwa, nikamwomba shemeji anishikie. Aliingiza viganja chini ya ndugu yake, akaona ua lililoanza kugeuka kahawia. Hakuitoa mikono.

"Litaondoka?"

"Litaondoka," wifi akamjibu.

Shemeji alikunywa maji, akaondoka na mashuka yake kwapani. Tangu siku hiyo akija, alikuja kumgeuza.

Mume wangu alifariki kabla mwaka haujaisha. Waliomwosha walisema mgongo wake ulikuwa mzima, kama wa mtu aliyelala usiku mmoja tu. Watu walizidi kulia. Mimi nilikaa nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilijua nimeambiwa jambo zuri, kama mtu anavyojua nje kuna jua huku amefunga madirisha. Bado nipo hivyo. Nakula, nafagia, naitika nikiitwa.

Juzi wifi alikuja akishikilia ukuta, maana macho yamefunga ukungu, na mfuko begani. Kitinda mimba wangu alikuwepo. Yeye anapaka kucha saluni, na sura amechukua kwangu.

"Mwanangu, njoo kwa shangazi. Fundi viatu wa mtaa wa nyuma ameanguka, hajigeuzi. Shuka lake hili, lina tundu katikati."

"Shangazi, mimi na sindano wapi na wapi?"

"Kwanza kata kucha hizo. Zitavuta nyuzi."

"Hizi ndizo tangazo langu la kazi!"

"Tangaza kwa mkono mmoja."

Binti alinitazama. Akazikata za mkono wa kulia, za kushoto akaziacha na wekundu wake, akakaa dirishani. Wifi alimwelekeza kwa vidole, akimsogezea uzi, akimrudisha nyuma. Nilipika, wakala, wakarudi pale pale. Jua lilipohama dirishani, binti akampa shuka. Kipande cha kati kilikuwa cha njano, kimekaa upande.

Wifi hakulipokea.

"Lipitishe mwenyewe. Mdomo wa juu. Fumba macho."

Akafumba. Uso wake ukatulia, ukawa hauna habari na yeyote anayeutazama.

"Nasikia kitu, shangazi. Kidogo tu."

"Basi fumua."